Mguu Ukivimba, Tuulize Pia Ugonjwa Uliotangulia

Mguu mmoja ukivimba Dar es Salaam, hukumu hutoka kabla mgonjwa hajavua kiatu. Jirani anasema amekanyaga tego. Shangazi anasema ni baridi, akandwe. Duka la dawa anapewa diklofenaki na dozi ya antibiotiki, kwa kuwa mguu una joto na wekundu. Na kwa kuwa huu ni mji wa pwani, hakosekani wa kusema ni matende yanaanza. Akifika hospitali ndipo anaambiwa damu imeganda kwenye mshipa, kisha anaulizwa: ulikaa sana? Ulisafiri?

Swali hilo ni sahihi, ila linakuja peke yake. Linalokosekana ni hili: wiki mbili tatu zilizopita ulikuwa unaumwa nini? Kwa mgonjwa wa mji huu uzito wa swali la pili haupungui ule wa swali la safari, na mara nyingi unauzidi. Damu ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, hugandishwa, na mwenye mkono mkubwa katika kazi hiyo ni kinga ya mwili.

Wanafunzi wa udaktari hukariri mambo matatu yanayohusishwa na jina la Rudolf Virchow, Mjerumani wa karne ya 19: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuharibika, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Katika kazi ya kila siku la kwanza limeyameza mawili yaliyobaki. Ndiyo maana ushauri unaosikika zaidi ni wa basi la Mwanza: nyoosha miguu, likisimama Dodoma shuka utembee, kunywa maji. Ni ushauri mzuri. Lakini abiria hamsini hukaa basi hilo hilo tangu alfajiri hadi usiku wakashuka wote wazima, na yule ambaye mguu unamjaa wiki inayofuata mara nyingi ana jambo jingine mwilini: jeraha, mimba, uzazi wa juzi, homa ya mapafu, ugonjwa sugu. (Mtaani jambo hilo huitwa “damu nzito”, na dawa yake ni tangawizi na kitunguu saumu. Damu iliyoganda pajani haikuwa nzito kama uji. Ilikuwa damu ya kawaida iliyopewa amri.)

Amri hiyo inatoka kwenye inflamesheni, ule mwako wa mwili unapopambana na kidudu au jeraha: joto, wekundu, uvimbe, maumivu. Tunaouona kwenye kidole kilichochomwa na mwiba ndio unaotokea pia ndani ya mshipa, ila huko hauonekani.

Tuanzie pale donge linapozaliwa. Vena za ndani za shavu la mguu na paja zina vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Nyuma ya kila kilango kuna mfuko mdogo, na humo damu huzungukazunguka polepole kama maji ya pembeni mwa mto, oksijeni yake ikiwa haba. Ukuta wa ndani wa mshipa wenye afya ni utelezi mtupu: una protini zinazozima ugandishaji, na hutoa kemikali zinazozuia chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha, zisinate. Mtu akilala siku tatu bila kuchezesha miguu, mfuko ule unazidi kukosa hewa na ukuta unaanza kukereka. Kwa wengi mambo huishia hapo.

Yasipoishia hapo, ni kwa sababu zimefika saitokini, protini ndogo za kupeana taarifa ambazo mwili huzimwaga wakati wa nimonia, kifua kikuu, maambukizi ya kizazi, kuvunjika kwa mfupa, hata upasuaji uliokwenda safi kabisa. Zikifika, ukuta unabadili tabia. Ndani ya dakika chache unapandisha juu P-selektini, protini inayonasa kama ndoano, ambayo ilikuwa imehifadhiwa tayari ndani ya seli. Pamoja nayo hutoka nyuzi ndefu za protini ya von Willebrand. Chembe nyeupe zilizokuwa zinapita njia zinaanza kubingirika ukutani, halafu zinanata. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2012, watafiti waliibana kidogo vena kubwa ya tumbo bila kuichana. Chembe nyeupe zilijipanga ukutani ndani ya saa chache, siku nzima au zaidi kabla donge halijakomaa. Panya walioondolewa chembe hizo walipata madonge madogo zaidi.

Zilizonata ni za aina mbili zenye kazi tofauti. Monosaiti hubandika juu ya ngozi yake protini iitwayo tishu fakta. Kwa kawaida protini hiyo hukaa nje ya mshipa ikisubiri mshipa uchanike. Damu ikiigusa tu, mnyororo wa kuganda unaanza na mwisho wake ni nyuzi za faibrini. Monosaiti inapoiingiza ndani, damu inapokea taarifa ya jeraha ambalo halipo.

Ya pili ni nyutrofili, na hii ndiyo iliyogeuza fikra za wataalamu. Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba nyutrofili ikizidiwa hujipasua na kutupa nje DNA yake ikiwa nyavu, ili inase bakteria. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba nyavu hizo hizo hunasa chembe sahani, chembe nyekundu na protini za kugandisha. Aliyewahi kuona juya likivutwa Kunduchi ataelewa: limetupwa kwa ajili ya samaki, linarudi na majani, mchanga na mifuko ya plastiki. Baya zaidi, nyavu za DNA zikisukana na faibrini, donge linakuwa gumu kuyeyuka. Mwili una kiyeyushi chake, plasmini, ambacho hukata faibrini. DNA hakiwezi kuikata. Na inflamesheni hiyo hiyo huongeza protini inayozuia plasmini isitengenezwe. Yaani mlango wa kuingia umefunguliwa, wa kutokea umefungwa.

Mwili si mjinga kufanya hivi. Kwenye mishipa midogo sana, donge dogo huzingira bakteria wasisambae. Wanasayansi wa Ujerumani waliipa kazi hiyo jina mwaka 2013: imunothrombosisi, kuganda kwa ajili ya kinga. Kosa linakuja pale ulinzi wa uchochoroni unapohamia barabara kuu. Kizuizi cha polisi chenye maana Manzese ndani kikiwekwa katikati ya Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili asubuhi, mji unasimama. Na kipande cha donge la paja kikikatika, kinapita upande wa kulia wa moyo na kuziba mshipa wa mapafu: pumzi inakatika ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, wengine wanazimia.

UVIKO-19 ulilionyesha jambo hili kwa ukatili mwaka 2020, wagonjwa wa mapafu wakiganda damu hata wakiwa kwenye sindano za kuzuia kuganda. Lakini halikuwa geni. Utafiti wa kumbukumbu za wagonjwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta hatari ya damu kuganda mguuni inapanda takriban mara mbili ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya maambukizi ya njia ya mkojo, kisha inashuka taratibu kwa miezi. UTI ya kawaida kabisa, ile ambayo hapa watu huimalizia dukani.

Sasa tazama magonjwa tunayoishi nayo. Kifua kikuu kikali huamsha monosaiti, hupandisha faibrinojeni (protini inayogeuka kuwa faibrini), hushusha baadhi ya protini zinazozuia kuganda, na tezi zilizovimba tumboni zinaweza kuibana vena yenyewe. Wiki za mwanzo za matibabu ndizo za kuangalia kwa makini. VVU huiacha kinga ikiwa macho muda wote, hata virusi vikiwa vimefubazwa, na tafiti zimeweka hatari ya kuganda kati ya mara mbili na mara kumi ya mtu asiye navyo, kubwa zaidi CD4 ikiwa chini au kukiwa na ugonjwa nyemelezi. Kwenye selimundu, chembe nyekundu zinazopasuka huachia himu, kemikali yenye chuma ambayo inaamsha nyutrofili zitupe nyavu na ukuta utoe ndoano zake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye selimundu, na sasa wengi wanafika utu uzima. Kijana wa miaka 22 mwenye selimundu na mguu uliovimba asiambiwe moja kwa moja ni “krisisi ya kawaida”. Kuna pia kinga inayojishambulia: lupasi, na ule ugonjwa wa kingamwili dhidi ya fosfolipidi ambao humpa mwanamke mimba zinazoharibika na madonge yanayorudiarudia. Huo huthibitishwa kwa kipimo kinachorudiwa baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maambukizi ya muda yanaweza kuipandisha kingamwili hiyo kisha ikashuka. Wengi hupimwa mara moja tu wakabeba jina la ugonjwa maisha yao yote.

Mzazi anahitaji aya yake. Mimba huongeza hatari mara nne hadi tano. Wiki sita baada ya kujifungua ndizo mbaya kuliko mimba yenyewe. Mwili umejiandaa kuzuia damu isimwagike, nyonga imechubuka, na kama alifanyiwa upasuaji au kizazi kimeingia wadudu, mwako wa kinga unajumlika hapo. Wakati wa mimba mguu wa kushoto ndio huumia zaidi, kwa sababu ateri ya kulia, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, hupita juu ya vena ya kushoto nyongani na kuibana. Wiki sita ni siku 42. Mila ya pwani nayo ina arobaini: mzazi hatoki, analala, anakandwa kwa maji ya moto, anachuliwa. Kipindi ambacho mila inamlaza ndicho kipindi ambacho damu yake iko tayari zaidi kuganda. Hatusemi arobaini ifutwe. Chakula, mapumziko na mikono ya mama mtu mzima ndani ya nyumba vina thamani ambayo hospitali haiwezi kuitoa. Tunasema mambo mawili. Mzazi atembee uani mara kadhaa kwa siku tangu siku ya kwanza. Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, usichuliwe hata kidogo, maana mkono unaosukuma donge haujui linaelekea wapi.

Kulijua donge si kazi ya mashine peke yake. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta kifundo cha mfupa kilicho mbele chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha futi kwenye shavu la mguu, andika. Fanya hivyo mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3 ni alama moja ya kipimo cha Wells, hesabu ya alama ambayo madaktari hukadiria nayo uwezekano wa donge. Nyingine moja kwa kila moja ya haya: maumivu ukibonyeza njia ya vena ya ndani, mguu mzima kuvimba, kidole kuacha shimo mguu huo tu, kulala siku tatu au zaidi au upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, kupooza au plasta, saratani, donge la zamani, vena za juu kujitokeza. Kama kuna maelezo mengine yenye uzito sawa, ondoa 2. Jumla ya 2 na kuendelea, nenda ultrasaundi. Matende huja kwa miezi na miaka, donge huja kwa siku. Hilo peke yake huondoa mabishano mengi.

Kwenye ultrasaundi jambo la maana ni kubonyeza. Mtaalamu huweka kifaa kwenye kinena na nyuma ya goti, anasukuma: vena nzima hujifunga bapa, yenye donge hubaki wazi huku ateri ya pembeni ikidunda. Kipimo kikiishia sehemu hizo mbili bila kuonyesha kitu na shaka bado ni kubwa, kirudiwe baada ya wiki moja, kwa sababu donge la shavu la mguu linaweza kupanda.

Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer ndicho kinachowapotezea watu pesa. Hupima vipande vya faibrini iliyokatwa, navyo hupanda penye inflamesheni yoyote: nimonia, kifua kikuu, mimba, upasuaji, kidonda. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyelazwa, D-dimer ya juu haikuambii chochote ambacho hukukijua. Thamani yake iko upande mmoja tu: alama za Wells zikiwa chini na D-dimer iko chini ya 500 ng/mL, donge unaweza kuliondoa mezani. Kumtoza mgonjwa kipimo hicho wakati mguu tayari una alama 4 ni kumchelewesha ultrasaundi.

Hapa ndipo hoja yetu yenyewe inaweza kupotosha. Msomaji atasema: kama inflamesheni ndiyo chanzo, basi dawa ya kuituliza ndiyo tiba. Hapana. Diklofenaki hupunguza maumivu na kuacha donge likikua, na ukiichanganya na dawa za kuzuia kuganda inaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Steroidi zenyewe zimehusishwa na kuganda zaidi. Ushahidi mzuri unaogusa upande huu ni wa statini, dawa za kushusha lehemu: katika jaribio la JUPITER, watu 17,802 wenye lehemu ya kawaida lakini CRP (kipimo cha damu cha inflamesheni) iliyopanda walipewa rosuvastatini mg 20 au kidonge kitupu, na madonge ya vena yakawa 34 dhidi ya 60. Ni dalili kwamba nadharia ina miguu, ila watu wengi mno wangemeza vidonge ili kumwokoa mmoja. Aspirini ndogo ya mg 100 nayo husaidia kidogo kuzuia marudio baada ya tiba kumalizika. Si tiba ya donge bichi.

Tiba bado ni kuzuia ugandishaji, kwa miezi isiyopungua mitatu. Kwa mtu mzima mwenye figo nzuri, sindano ya enoksaparini ni mg 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12. Vidonge vya warfarini huanza nayo siku hiyo hiyo, na sindano haiachwi mpaka zitimie angalau siku 5 na INR, kipimo kinachoonyesha warfarini imechelewesha kuganda kiasi gani, iwe 2 au zaidi kwa saa 24. Wengi hukosea hapa kwa kubana matumizi: sindano siku mbili, halafu vidonge. Warfarini siku za mwanzo hushusha kwanza protini C, inayozuia kuganda, kabla haijashusha zile zinazogandisha. Ukiiacha peke yake mapema, unamwongezea mgonjwa hatari uliyokuja kuipunguza. Kidonge cha rivaroksabani hukwepa usumbufu huo: mg 15 mara mbili kwa siku 21, kisha mg 20 mara moja, pamoja na chakula. Lakini haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na wenye kingamwili za fosfolipidi za aina zote tatu walifanya vibaya nayo kuliko warfarini. Mjamzito abaki kwenye sindano. Anayenyonyesha anaweza kutumia warfarini.

Mgonjwa wa kifua kikuu ndiye anayeharibikiwa zaidi. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, huchochea ini lisafishe dawa haraka: kiwango cha rivaroksabani hushuka karibu nusu, na warfarini huhitaji kupandishwa mara mbili, tatu, hata tano ndipo INR ifike kati ya 2 na 3. Kwa wiki za mwanzo daktari anapandisha na kupandisha, na mgonjwa anaanza kudhani anapewa dawa feki. Kisha miezi sita inatimia, kliniki ya kifua kikuu inampongeza na kumaliza dozi. Hakuna aliyeiambia kliniki ya INR. Ndani ya wiki chache ini linarudi kasi yake ya zamani, mgonjwa bado anameza warfarini mg 15, na fizi zinaanza kutoa damu, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Kinga yake ni kalamu: tarehe ya kidonge cha mwisho cha rifampisini iandikwe juu ya kadi ya INR tangu siku ya kwanza, na INR ipimwe kila wiki kuanzia hapo, dozi ikipunguzwa hatua kwa hatua mpaka itulie.

Hata donge likitibiwa, kinga haiondoki mara moja. Chembe nyeupe huingia kulisafisha na katika kusafisha huacha kovu ukutani na vilango vilivyokunjamana. Kuanzia mgonjwa mmoja kwa kila watano hadi nusu ya wagonjwa wote hubaki na mguu mzito jioni, ngozi nyeusi juu ya kifundo, wengine kidonda kisichopona. Kuchelewa kwa wiki mbili za kuchua na diklofenaki kunalipwa hapo.

Lakini lililo rahisi kuliko yote hufanyika kabla ya mguu kuvimba. Kuna hesabu ya alama za hatari, iitwayo Padua, ya wagonjwa wanaolazwa wodi za magonjwa ya ndani. Mgonjwa asiyetoka kitandani siku tatu au zaidi: alama 3. Ana maambukizi makali: alama 1. Jumla 4, na 4 ndicho kizingiti cha hatari kubwa. Ina maana mgonjwa yeyote wa nimonia aliyelala hoi amekwisha kufika, hata kama ana miaka 25, hajawahi kupanda basi na hana saratani. Kama havuji damu, chembe sahani zake haziko chini sana na figo zinafanya kazi, anastahili enoksaparini mg 40 chini ya ngozi mara moja kwa siku. Katika wodi nyingi sindano hiyo hukumbukwa kwa aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, maana upasuaji unaonekana kwa macho. Wa kitanda cha pili, mwenye homa na kikohozi, hupewa antibiotiki ya seftriaksoni, anageuziwa ukutani alale, na hakuna anayefunua shuka kuangalia miguu.